Jani la Isale Halinikuti Nyumbani

Kwa hiyo hapana, bado sijamsamehe yule mama wa ofisini kwetu. Maoni yenu ya wiki iliyopita nimeyasoma yote, hata ya yule dada wa Mwanza aliyeniandikia kwamba mama mwenye kinyongo huzaa mtoto aliyenuna. Asante dada. Mtoto wangu akizaliwa amenuna nitajua amefanana na mimi mwezi huu, na nitampenda hivyo hivyo.

Leo ni Jumapili, Agosti, na Moshi ina ile baridi ambayo watu wa Dar hawaiamini mpaka waje na mashati yao mepesi. Mawingu yameshuka hadi kwenye mabati. Mlima hatujauona tangu juzi, na mume wangu yuko humo humo ndani ya mawingu, anawapikia watalii supu.

Deo wangu ni mpishi wa mlimani. Nimeshawaandikia, lakini nitarudia kwa sababu kuandika jina lake kunanifurahisha. Mwanamume anayeweza kuoka mkate kule juu, mahali ambapo maji yanachemka kabla hayajapata moto sawasawa, huyo ndiye aliyenioa. Tulifunga ndoa Januari, na hadi leo nikisikia viatu vyake vizito kwenye korido ya nyumba yetu hapa Njoro, moyo unaniruka kama wa msichana wa kidato cha pili. Mtoto anakuja Oktoba. Wanaopenda kuhesabu miezi kwa vidole wahesabu tu, hesabu inatosha.

Kwa aliyefika hapa leo, nieleze hasira hii ilikotoka.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ya shule moja ya sekondari ya serikali. Karani mkuu wetu nitamwita Mama Felista, ingawa hilo si jina lake. Yeye ndiye anayeshughulikia likizo za watumishi na kadi za bima ya afya. Utaratibu wetu ni kwamba mtumishi anapata likizo ya uzazi yenye mshahara mara moja katika miaka mitatu. Mimi sijawahi kuiomba. Sijawahi kuzaa. Nilidhani ni jambo la kuandika barua, kuipeleka, na kurudi kwenye mashine yangu nikiimba.

Aliisoma barua akiwa amesimama, akanirudishia.

"Hii haitapita. Una mtoto ambaye hajafika miaka mitatu."

"Mtoto gani, mama?"

"Neema. Si yuko kwenye bima yako?"

Neema ni mtoto wa dada yangu Agnesi. Nilipoanza kazi, dada alikuwa chuo cha uuguzi, na Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, alibaki nyumbani na mama yetu na mimi. Nilipokuwa naandikishwa kwenye bima Mama Felista aliniuliza kama nina mtoto. Nikamwambia yupo mmoja, wa dada. Nakumbuka alivyonijibu, kwa sababu nilimpenda siku ile. Alisema, "Mtoto wa dada ni mtoto. Tumwandike, apate matibabu." Akamwandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kuwa mtoto wangu. Wala hakuna Mchaga ambaye angeona ajabu. Kwetu mtoto wa dada yako ni wako. Anakuita mama, unampiga kofi akikosea, unamfulia nepi. Utaratibu wa bima ndio usioijua lugha hiyo.

Basi nikamkumbusha. Nilimwambia kwa adabu, "Mama, si ulisema mwenyewe mtoto wa dada ni mtoto?"

Walimu watatu walikuwa pale mezani wanasubiri chai. Niliona macho yake yakienda kwao, kisha kwenye kabati la mafaili, kisha kwangu. Nadhani kichwani mwake aliwaona wakaguzi wa bima wakiingia mlangoni.

"Mimi? Mimi niandike mtoto ambaye hukumzaa, nifungwe? Huyo mtoto ni wako, binti. Ulimleta hapa mgongoni mwenyewe."

Chai ikaja. Hakuna aliyeinywa kwa haraka.

Ninaelewa kwamba aliogopa. Ningekuwa mahali pake pengine na mimi ningetetemeka. Lakini mtu akiogopa anaweza kunyamaza. Anaweza kusema ngoja niangalie. Yeye alichagua kunivua nguo mbele ya watu ili ajifunike yeye.

Wiki haikuisha. Mama Felista ni mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo, ile ya akina mama wanaosali nyumba kwa nyumba, na kwenye jumuiya habari haihitaji baiskeli. Nilianza kuisikia kwa muuza mboga. "Kumbe bibi harusi wetu alikuwa na wake tayari." Mwingine aliniuliza huku akinipa chenji kama yule mkubwa hajambo. Mkubwa yupi? Nilivaa shela nyeupe mwezi wa kwanza, padri akatubariki, Deo akalia kanisani mpaka msimamizi akampa leso. Na sasa shela yangu ilikuwa inajadiliwa sokoni.

Ilifika Kilema kabla yangu.

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mama mkwe wangu anakaa kule juu, kwenye kihamba cha familia, shamba letu la migomba, na ndiye atakayenilea nikijifungua. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu analishwa mtori na maziwa na nyama, hagusi jembe, hagusi kuni. Nilikuwa nimeingoja miezi hiyo kama mtu anavyongoja Krismasi. Tulipopanda kwenda kumwona, mimi na Deo, nilijua amesikia kwa jinsi alivyoendelea kumenya ndizi bila kuinua kichwa baada ya "marahaba".

Alimenya mpaka sufuria ikajaa. Ndipo akasema, "Huyo mtoto anakunywa maziwa?"

"Mtoto yupi, mama?"

"Huyo wanaosema ni wako. Ng'ombe amezaa, maziwa yanamwagika. Umlete."

Nililia pale pale juu ya maganda ya ndizi. Nikamweleza yote, la dada, la chuo, la bima. Akanisikiliza hadi mwisho, akajipangusa mikono kwenye kanga.

"Basi mlete hivyo hivyo. Maziwa hayaulizi."

Tukiwa njiani kurudi Deo alinishika mkono, akasema kwa sauti ya huzuni kubwa, "Mke wangu, nilikuwa nimeshafurahi. Nilidhani nimepata wawili kwa mahari moja." Nikampiga ngumi. Jamani, nimpende vipi zaidi ya hapa?

Lakini likizo ilikuwa bado haipo. Bila likizo ningejifungua Oktoba na kurudi kwenye mashine ya chapa maziwa yakinivuja, au nikae nyumbani bila mshahara. Na Mama Felista alikuwa ameshadokeza kwamba kwa kuwa kuna "utata" kwenye kadi yangu, huenda hata kujifungua kusilipiwe na bima mpaka utata uishe. Kuisha kwake kulitegemea nani? Yeye.

Nikampigia dada simu. Sasa hivi ni muuguzi kwenye zahanati kule Kahe, na Neema anakaa naye. Dada hakuuliza mara mbili. Siku ya pili yake alishuka kwenye gari la asubuhi akiwa bado na sare yake ya kazi, Neema mkononi, vumbi la Kahe hadi kwenye nyusi. Tukaingia kwa mkuu wa shule wote watatu, na Mama Felista akaitwa.

Mkuu wetu ni mtu wa Songea, mpole, na mambo ya Uchagani bado anajifunza. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaona tunamchanganya, akaamua kumuuliza mwenye kesi.

"Neema, mama yako yuko wapi?"

Neema akaninyooshea mimi kidole.

Mama Felista alivuta pumzi kama mtu aliyeshinda.

"Na huyu ni nani?" mkuu akamwonyesha dada.

"Mama."

Mkuu akavua miwani. Nadhani alitaka tu kuhakikisha kwamba mtoto hamwiti kila mwanamke mama, maana alimwonyesha na Mama Felista. "Na huyu je?"

Neema alimtazama kwa muda mrefu. Akazitazama nywele zake, zile anazozipaka rangi kila mwisho wa mwezi.

"Bibi."

Nitamnunulia mtoto yule gauni.

Dada akaeleza kwa utulivu wa wauguzi. "Mkuu, mimi ndiye niliyemzaa, na mkunga aliyenizalisha yupo, ukitaka naye nitamleta. Mdogo wangu ni mama yake mdogo. Huo udogo mtoto bado hawezi kuutamka." Mkuu akacheka mpaka akakohoa. Akauliza mtoto mmoja wa Kilimanjaro ana mama wangapi kwa jumla, ili siku nyingine ajiandae. Kisha akaisaini barua yangu mbele yetu, akaagiza Neema ahamishiwe kwenye bima ya dada, na kadi yangu isafishwe. Na imesafishwa. Likizo yangu inaanza mwezi ujao, na mshahara wake, na kujifungua kwangu kutalipiwa.

Mngedhani nimeridhika.

Mama Felista alitoka ofisini kwa mkuu bila kusema neno "nilikosea". Jumamosi yake jumuiya ikasali kama kawaida, na wale wale akina mama waliosikia kwamba nina mtoto wa kificho hawakusikia kwamba sina. Hakusahihisha. Alipita tu juu yake, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Basi nimekuwa mbaya. Nakiri hapa, mbele ya watu nisiowajua.

Kwa muda wote niliofanya kazi pale, Mama Felista akiniletea rasimu ya barua, nilikuwa namnyooshea sentensi zake kimya kimya. Sasa nachapa kama ilivyo. Kila koma mahali alipoidondosha. Barua ya wiki hii kwenda kwa wazazi ilisema wanafunzi "watapigwa chai" badala ya kupigwa chapa majina yao kwenye sare. Mkuu aliirudisha imezungushiwa wino mwekundu, na mimi nilikuwa nakunywa maji, nikayanywa polepole sana.

Akinisalimu, naitikia. Adabu sijaiacha. Lakini baada ya kuitikia nalishika tumbo langu kwa mikono miwili na kumtazama. Simwambii kitu. Kwetu watu wanaogopa kinyongo cha mjamzito kuliko wanavyoogopa polisi, wanasema kinabaki kwenye nyumba ya aliyekisababisha. Mimi nilisoma baiolojia, sina hakika kama naliamini hilo. Yeye analiamini. Namwona anavyomeza mate.

Na ndipo likaja jani.

Ninyi wa mbali hamlijui, niwaambie. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukimkosea mtu mpaka maneno yameisha, unachuma jani la isale, unampa mtu mzima mwenye heshima, analipeleka kwa uliyemkosea. Ukikabidhiwa jani hilo huwezi kukataa. Lazima usamehe. Na ukishalipokea, neno lile limekufa, hulisemi tena mahali popote.

Mmeliona tatizo langu? Mama Felista anataka nilipokee chumbani kwangu Njoro, kimya kimya, kabla sijaenda likizo. Nikilipokea hivyo, mdomo wangu umefungwa, na ile habari ya mtoto wa kificho inabaki inatembea na miguu yake. Neema atakua. Siku moja msichana mwenzake atamwambia alifichwa. Na huyu wa tumboni ataambiwa yeye ni wa pili.

Kwa hiyo nalikimbia jani.

Anayelibeba ni kaka yake Mama Felista, Mzee Aloisi, mzee mstaarabu mwenye kofia ya kijivu. Mara ya kwanza alikuja Jumapili jioni. Nilimwona kutoka dirishani, na ncha ya kijani ikichungulia kwenye gazeti alilolikunja. Nilitoka kwa mlango wa uani nikaenda kula mahindi ya kuchoma kwa jirani hadi giza.

Mara ya pili alinivizia bombani. Sikuwa na pa kupita, lakini nilikuwa na ndoo, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hebu weka ndoo chini kidogo, nina kitu chako."

"Siwezi baba, nikiinama mgongo unanikamata."

"Basi nikushikie mimi."

"Mzee wangu abebe ndoo nikiwepo? Watu watanisemaje?"

Alinitazama, akaitazama ndoo, na naapa nilimwona akizuia kicheko. Akanisindikiza mpaka mlangoni na jani lake kwapani, akaniaga vizuri. Nadhani na yeye anamjua dada yake.

Deo kabla hajapanda mlimani aliniomba nilipokee. "Mpenzi, lile jani litakauka." Nikamwambia wataleta lingine, linaota kila mpaka. Akanibusu kwenye paji la uso akasema basi nivae viatu visivyoteleza wakati wa kukimbia.

Waliposhindwa kwangu wakalipeleka Kilema, kwa mama mkwe, alipokee kwa niaba yangu. Jana nilipanda kwenda kumwona na nikamkuta anacheka peke yake jikoni. Aliwapa pombe ya mbege, akawapa na kiti kizuri, akawaambia, "Aliyetukanwa ana mikono yake." Wakarudi nalo.

Lakini aliponitazama baadaye hakuwa anacheka. Alisema huwezi kulikimbia hadi uzae. Alisema hataki mtoto wa Deo azaliwe jani likiwa njiani. Na nilijua ni kweli, kwa sababu nimechoka, jamani. Hasira ni tamu asubuhi, ikifika saa tisa inauma kiuno. Usiku namtafuta Deo kitandani hayupo, na ninayemfikiria badala yake ni Mama Felista. Haya ni maisha gani ya bibi harusi?

Nikamuuliza, "Mama, kulikataa siwezi?"

"Huwezi."

"Na mahali pa kulipokelea, nani anachagua?"

Kisu kikasimama kwenye ndizi.

"Hilo," akasema, "sijawahi kuulizwa." Kisha akaanza kutabasamu taratibu, na kwa mara ya kwanza nikaona Deo alikolitoa tabasamu lake. "Nitakwenda na wewe. Nitavaa kitenge cha harusi."

Basi nimeamua, na naandika hapa ili nisigeuke. Leo baada ya misa nilimfuata Mzee Aloisi mwenyewe, mikono mitupu. Alishtuka, akaanza kupapasa koti. Nikamwambia, baba, usilitoe hapa. Mwambie dada yako nalipokea, na nitasamehe kama desturi inavyotaka, kabisa, na sitalisema tena hata hapa kwenye blogu yangu. Ila sitalipokea Njoro, wala Kilema, wala ofisini nyuma ya kabati. Nitalipokea kwake, siku jumuiya inaposali nyumbani kwake. Zamu yake ni Jumamosi ya mwisho, nimeuliza. Na mwenye kutoa isale husema wazi anaomba samahani kwa kosa gani. Atalisema mbele ya masikio yale yale.

Mzee alivaa kofia yake. "Mwanangu," akasema, "umemshika pabaya."

"Ndiyo, baba."

Sijui kama hii ni samahani au ni kisasi kilichovaa nguo za kanisani. Deo akishuka kesho kutwa nitamuuliza, naye atasema ni vyote viwili, halafu atanipikia.

Mama Felista, najua kuna mwalimu anayekusomea haya ninayoandika. Chemsha chai ya kutosha, uweke na kiti chenye mgongo, maana tumbo limekuwa kubwa. Nakuja na mama mkwe, na dada, na Neema. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.